Ukurasa wa kanisa na Google: wakati gani tuombe uandikwe, na wakati gani tuache



Katika semina za ndugu wanaotunza tovuti za parokia zetu, swali moja linarudi kila mara. Tumeandika tangazo, tumeliweka kwenye tovuti, lakini mtu akilitafuta Google halioni. Je, kuna mahali pa kubonyeza ili lionekane? Ndiyo, papo. Google inampa kila mwenye tovuti kitufe cha kuomba ukurasa wake uandikwe katika orodha ya Google. Shida ni kwamba wengine wakishakijua wanakibonyeza asubuhi na jioni kwa kila ukurasa, na wengine hawakigusi hata siku ile kinapohitajika kweli. Tunapenda kueleza wakati wa kukitumia. Na kwa sisi watu wa Kivu kuna swali jingine lililo zito kuliko hilo: ni ukurasa upi usiotakiwa kuonekana Google hata kidogo.

Kwanza tuelewe namna kazi inavyokwenda. Mhubiri anayetafuta neno "chumvi" katika Biblia hafunui kurasa zote toka Mwanzo mpaka Ufunuo. Anafungua itifaki, kile kitabu kinachopanga maneno na kuonyesha kila moja linapatikana mlango gani na mstari gani. Google inafanya vivyo hivyo. Ukiandika "kanisa la Kiprotestanti Kadutu", haianzi wakati ule kuzunguka dunia nzima. Inafungua itifaki yake iliyokwisha kuandikwa. Programu yake, ambayo jina lake ni Googlebot, ilipita mapema, ikasoma kurasa, ikarudi na habari. Ukurasa ambao Googlebot haijaupitia, au iliupitia na Google ikaamua kutouandika, upo kwenye tovuti yako lakini anayetafuta hataufikia.

Googlebot inaujuaje ukurasa mpya? Njia ya kwanza ni viungo: ukurasa ambao inaujua tayari unaonyesha njia ya kwenda kwenye ukurasa mpya. Ndiyo maana tangazo lililowekwa pembeni, lisilounganishwa na ukurasa wa mwanzo wa tovuti, linakaa miezi bila kuonekana. Njia ya pili ni ramani ya tovuti, yaani faili moja inayotaja anwani za kurasa zote. Programu nyingi za kutengeneza tovuti, kama WordPress, zinaitengeneza zenyewe. Njia ya tatu ndiyo hiyo ya mwenye tovuti kuomba. Kwa kawaida njia mbili za kwanza zinatosha. Google yenyewe inasema kwamba tovuti ndogo, ya kurasa kama 500 au chini yake, ikiwa kurasa zake zimeunganishwa vizuri, inaweza hata kukosa ramani na bado ikasomwa. Parokia zenye kurasa 500 tunazihesabu kwa vidole.

Kitufe chenyewe kinapatikana katika huduma ya bure inayoitwa Google Search Console. Unathibitisha kwanza kwamba tovuti ni yenu, halafu unaandika anwani ya ukurasa mmoja juu kabisa. Google inakuambia kama ukurasa huo umo katika orodha yake au haumo, na mara nyingi inakuambia pia sababu. Chini ya hapo, kwa Kifaransa, kuna maneno « Demander une indexation ». Hicho ndicho kitufe.

Tuangalie vizuri neno "kuomba". Ukibonyeza, ukurasa unaingia kwenye foleni tu. Kusomwa kunaweza kuchukua siku chache, kunaweza kuchukua wiki kadhaa, na Google haiahidi kwamba itauandika. Kila siku kuna kiasi fulani cha maombi ambacho huwezi kupita. Tena kuomba mara kumi kwa ukurasa uleule hakuharakishi kitu. Yule mjane wa Luka 18 alimchosha kadhi mpaka akapata haki yake, lakini mashine haichoki.

Kutokana na hayo unaweza kuona ni matangazo gani hayana faida ya kuombewa. Tangazo la kesha la Ijumaa lililoandikwa Jumatano, lipeleke kwenye kundi la WhatsApp, lisomwe mimbarani, lipite redioni. Google haitawahi. Lakini mkutano wa injili wa mwezi ujao, kongamano la vijana, au kuandikisha wanafunzi wa shule ya Biblia, ukurasa wake uombewe siku ileile unapotoka, kwa sababu kuna wiki kadhaa za watu kuutafuta.

Sasa tufike kwenye nafasi ambazo kitufe hiki kina kazi ya kweli. Ya kwanza ni pale jambo linalomfanya mtu atembee au atoe limebadilika. Kanisa limehama. Saa ya ibada imebadilika. Namba ya simu ya ofisi si ileile. Mwezi wa Februari 2025, vita vilipofika Bukavu, makumi ya maelfu ya watu walivuka mpaka kwenda Burundi, na ndani ya jimbo watu wengi waliacha vijiji na mitaa yao. Mkutano mzima wa kanisa unaweza kujikuta unaabudu mahali pengine kabisa. Ukurasa wa zamani unaendelea kusema "Jumapili saa tatu" kwenye jengo lililofungwa, na mtu anayewatafuta ndugu zake toka Bujumbura, toka Kampala au toka Norway anasoma habari iliyokufa. Hapo badilisha maneno ya ukurasa, hakikisha yamekaa sawa, kisha omba. Usisubiri Googlebot irudi yenyewe, maana ukurasa usiobadilika mara kwa mara unatembelewa kwa nadra.

Tunataka kukaa kidogo juu ya namba za kutolea michango, kwa sababu hapo pesa za maskini zinapotea. Tarehe 4 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha katika teritware ya Kalehe. Mito ikabeba matope na mawe ikavamia Bushushu na Nyamukubi, kando ya Ziwa Kivu. Watu zaidi ya 400 walikufa, wengine wengi hawakuonekana tena. Katika siku za namna hiyo ndugu walio mbali wanafungua simu na kutafuta wapeleke wapi msaada. Ukurasa wa kanisa ukiwa na namba ya Airtel Money au M-Pesa iliyoandikwa vibaya, au namba ya mtu ambaye hashughuliki tena na kazi hiyo, kusahihisha kwenye tovuti pekee hakutoshi. Google inaonyesha muhtasari mfupi chini ya jina la ukurasa, na muhtasari huo unaweza kubaki na namba ya zamani mpaka ukurasa usomwe upya. Kuna watu wanaosoma muhtasari tu, wananakili namba, wanatuma. Sahihisho la namba ya pesa liombewe saa ileile, na litangazwe pia kwa njia nyingine zote mlizo nazo.

Nafasi ya pili ni pale mlipokuwa mmejifungia mlango wenyewe bila kujua, na sasa mmeufungua. Jambo hili linatokea kuliko watu wanavyodhani. WordPress ina kisanduku kidogo, katika sehemu ya mipangilio inayoitwa « Lecture », kinachosema kwa Kifaransa kwamba injini za utafutaji zisiandike tovuti hii. Fundi anakiweka alama wakati anajenga, ili kurasa ambazo hazijaisha zisionekane. Kazi inaisha, sherehe ya kuzindua inafanyika, wazee wa kanisa wanapiga picha, na hakuna anayekumbuka kuondoa ile alama. Baada ya mwaka watu wanauliza kwa nini tovuti yetu haipo Google. Ondoeni alama, peleka ramani ya tovuti katika Search Console, halafu ombea ukurasa wa mwanzo na mingine miwili au mitatu ya muhimu. Zilizobaki zitafuata viungo.

Vilevile msiombee kurasa mia moja za mahubiri ya miaka iliyopita, moja baada ya nyingine. Kijana wa watu atakesha bure na atamaliza mega zake. Kwa kurasa nyingi kazi ni ya ramani: faili moja ya ramani inabeba anwani mpaka 50,000.

Kurekebisha herufi moja, kubadilisha picha ya kwaya, kuongeza koma, hayo hayahitaji ombi lolote.

Kuna wanaotuuliza juu ya umeme. SNEL ikikata siku mbili, je, Google itatuondoa? Googlebot haiji ofisini kwenu Bukavu. Inaenda kwenye seva inayohifadhi tovuti, na mara nyingi seva hiyo iko Ulaya au Marekani, ambako taa zinawaka. Hatari yenyewe iko kwenye malipo. Tangu benki za mjini zilipofungwa mwaka 2025, kulipa kampuni ya nje imekuwa kazi ngumu, na tovuti isiyolipiwa inazimwa. Google ikikuta kila mara ukurasa haupo, inaufuta katika orodha yake. Jina la tovuti lisipolipiwa ni vibaya zaidi, kwa sababu mtu mwingine anaweza kulinunua na kuweka humo mambo yake chini ya jina la kanisa lenu. Kwa hiyo kabla ya kuhangaika na kitufe, jueni tarehe ambayo jina la tovuti linaisha, na aliye nje ya nchi na anayeaminika aombwe kulilipia mapema.

Na kama mtu atakuja kuwaambia kwamba kwa dola mia moja atawaingiza Google, mwambieni asante. Google haipokei pesa ili isome ukurasa mara nyingi zaidi au iupandishe juu katika matokeo ya kawaida. Matangazo ya kulipia ni biashara nyingine, nayo yanawekwa alama kwamba ni matangazo. Fundi mnaweza kumlipa kwa kazi ya mikono yake, hilo ni haki. Lakini kitufe ni bure.

Kabla ya kubonyeza, ukurasa uwe tayari kusomwa. Tunaona matangazo mengi yaliyowekwa kama picha ya karatasi yenye muhuri. Mtu anaweza kuisoma, lakini maandishi yaliyo ndani ya picha hayategemewi katika utafutaji. Yaandikeni upya chini yake kama maandishi ya kawaida. Kichwa nacho kitaje mahali. Ukurasa unaoitwa "Karibu kanisani kwetu" unafanana na maelfu mengine. Ukiandika "Panzi" tu, hospitali itatangulia, ile iliyofunguliwa mwaka 1999 chini ya 8e CEPAC na kujulikana dunia nzima, hasa tangu Daktari Denis Mukwege alipopewa tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Andikeni jina la parokia, mtaa, komini na mji: Ibanda, Kadutu au Bagira, Bukavu. Na muuangalie ukurasa kwenye simu, maana Google siku hizi inasoma tovuti kama simu inavyoiona.

Sasa lile swali zito tulilolitaja mwanzoni.

Makanisa yetu yanaandika mambo mengi ya watu. Orodha za waliokimbia vita na waliopokelewa katika jengo la kanisa, pamoja na vijiji walikotoka na namba za simu. Majina ya watoto wasio na wazazi. Shuhuda za akina mama waliobakwa, ambao wamepata tiba na sasa wanamshukuru Mungu mbele ya kanisa. Mambo hayo yanaandikwa kwa moyo mwema, mara nyingi ili wafadhili waone kazi inayofanyika. Lakini Google haijui moyo mwema. Orodha iliyowekwa kwenye tovuti kama PDF inasomwa kama ukurasa mwingine wowote. Baada ya hapo, mtu yeyote mahali popote akiandika jina la yule mama, anapata kijiji chake, mtaa anaoishi sasa, na jambo lililompata. Mume mtarajiwa wa binti yake anaweza kulisoma. Aliyemtendea anaweza kulisoma pia.

Tukumbuke yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12. Mathayo, Marko na Luka wote watatu wameeleza habari yake, na kwa miaka karibu 2,000 watu wametiwa nguvu na imani yake. Hakuna hata mmoja wao aliyeandika jina lake wala mji wake. Ushuhuda haukupungukiwa na kitu.

Basi kwa kurasa za namna hii shauri letu ni kwamba majina yasiingie kwenye tovuti kabisa. Ukurasa unaohitajika na watu wa ndani tu, kama orodha ya zamu za wazee au ripoti ya mfadhili, ufungwe kwa neno la siri. Google haiwezi kusoma nyuma ya neno la siri. Kuna njia nyingine nyepesi, ya kuweka ndani ya ukurasa agizo linaloitwa "noindex", ambalo linaambia injini za utafutaji zisiuandike. Linafanya kazi vizuri, lakini ukurasa bado unafunguka kwa yeyote aliye na anwani yake. Kwa majina ya waathirika hilo halitoshi.

Kama jina limekwisha kutoka na limo Google, kuna utaratibu wa kufuata, na hapa makosa ni mengi. Wengi wanakimbilia faili inayoitwa robots.txt na kuandika humo kwamba Googlebot isiingie. Matokeo yake ni kinyume. Googlebot ikizuiwa mlangoni, haiwezi kuona kwamba jina limeondolewa wala kwamba kuna agizo la "noindex", na anwani ya ukurasa inaweza kuendelea kuonekana katika matokeo. Fuateni njia hii: ondoeni jina kwenye ukurasa, au futeni ukurasa wote pamoja na ile PDF. Acheni mlango wazi. Halafu ndani ya Search Console kuna sehemu ya kuomba ukurasa ufichwe kwa haraka; ukifichwa, unafichwa kwa muda wa miezi kama sita, na katika muda huo Google itapita na kukuta kwamba jambo lenyewe halipo tena. Ikiwa ukurasa unabaki na kilichoondolewa ni jina tu, basi bonyezeni kile kitufe cha kuomba usomwe upya. Mimi na ninyi tukihesabu nafasi zote za kukitumia, hii ndiyo isiyopaswa kungoja hata mpaka kesho asubuhi.

Ikiwa jina limenakiliwa kwenye tovuti ya watu wengine, kitufe chetu hakifiki huko. Itabidi kuwaandikia wenye tovuti ile kwa heshima na kuwaomba waliondoe. Wakishaondoa, na Google bado inaonyesha maneno ya zamani, mtu yeyote, hata asiye mwenye tovuti, anaweza kuipa Google taarifa kwamba habari ile imepitwa na wakati, kwa fomu ambayo Google imeiweka kwa kazi hiyo.

Lazima tuongeze neno juu ya nani ashike funguo. Katika parokia nyingi tovuti ilijengwa na kijana mmoja kwa barua pepe yake mwenyewe. Kijana akipata masomo Kampala au akikimbia na familia yake, neno la siri linaondoka naye. Siku ya kuondoa jina la mtu katika Google, hakuna anayeweza kuingia. Akaunti ya Search Console iwe kwa barua pepe ya kanisa, na watu wawili wawekwe kama wenye mamlaka, mmoja akiwa katibu wa parokia. Search Console inaruhusu kuongeza watu bila kugawana neno la siri, kwa hiyo yule kijana anaweza kuendelea na kazi yake vizuri hata akiwa mbali.

Kuhakikisha yote haya hakuhitaji ufundi mkubwa. Fungueni Google, andikeni "site:" na mara hiyo, bila kuacha nafasi, jina la tovuti yenu. Mtaona kurasa zenu ambazo Google inazijua, ingawa si lazima zote zitokee. Halafu ongezeni mbele yake neno "wakimbizi", au "orodha", au jina la mtu mmoja mnayejua kwamba aliwahi kuandikwa. Mkikuta ukurasa ambao hamkutaka kuuona, anzeni na huo kabla ya kuombea mwingine wowote.